Volti, Ampea, Omu na Wati: Hesabu ya Umeme na Maneno Yake katika Kiswahili

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi mtu anavyoweza kukokotoa ukinzani na nguvu ya umeme akiisha kujua volti na ampea, na kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho. Huenda msomaji akauliza kwa nini hesabu ya mafundi iletwe mbele ya wataalamu wa lugha. Jawabu langu ni kwamba hesabu yenyewe ni nyepesi, haipiti kuzidisha na kugawa; uzito wake wote umo katika maneno. Mtu atumiaye neno moja tu, nguvu, kwa mambo manne yaliyo mbalimbali, hawezi hata kuikosea hesabu, kwa sababu hajaifikia: amekwisha potea katika swali. Na katika mambo ya umeme, kupotea si hasara ya alama za mtihani peke yake, bali ni hasara ya fedha, ya nyumba, na pengine ya roho ya mtu.

NENO UMEME NA NENO NGUVU

Umeme kwa asili ni ule mwanga upasuao mawingu wakati wa mvua, na radi ni kishindo na pigo lake. Mitambo ya kuzalisha umeme ilipoletwa, wasemaji wa Kiswahili hawakulazimika kuazima jina. Waliuona mwanga uleule umefungwa ndani ya kioo, wakauita kwa jina lake la zamani. Mji wa Dar es Salaam ulipata umeme mwaka 1908, katika zama za Wadachi, na neno hilo limekaa mpaka leo. Huko Kenya watu wengi husema stima, neno ambalo asili yake ni mvuke wala si radi. Lakini katika maandishi rasmi umeme ndilo neno la pande zote mbili.

Shida haiko katika jina la kitu, bali katika majina ya sifa zake. Tusikilize maneno manne ya kila siku. Mtu husema, "Leo umeme hauna nguvu," akiona taa imefifia. Husema tena, "Betri ya simu imekwisha nguvu." Akienda dukani husema, "Nataka pampu yenye nguvu zaidi." Na akiwa mlangoni husema, "Sukuma kwa nguvu." Neno ni moja, nayo maana ni nne. Katika usemi wa kwanza asemacho ni volti, katika wa pili ni nishati, katika wa tatu ni wati, na katika wa nne ni kani. Mazungumzo hayadhuriki kwa hilo, kwa maana msikilizaji huona taa, betri, pampu au mlango, naye huelewa. Lakini hesabu haioni kitu. Hesabu huona neno tu, na neno lenye maana nne halihesabiki.

Kazi ya kuyatenga maneno haya haikuanza leo. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianza kutoa orodha zake za Tafsiri Sanifu mwaka 1974, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo, yapo maneno ambayo hayajalingana pande zote: Tanzania husema nishati pale ambapo Kenya husema kawi, hata katika majina ya wizara zao. Mimi katika makala haya nitatumia kani kwa kile kisukumacho au kivutacho kitu, nishati kwa akiba ya kazi iliyomo katika kitu, na nguvu kwa kiasi cha kazi ifanywayo katika kila sekunde. Sikatazi matumizi mengine. Naomba tu kwamba ndani ya makala haya kila neno likae mahali pake.

MKONDO, MSUKUMO NA UKINZANI

Tuchukue mfano wa pipa la maji lililowekwa juu ya mnara, na bomba litokalo chini yake mpaka bombani mwa nyumba. Kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni kimo cha pipa: kadiri lilivyo juu, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa ukali. La pili ni wingi wa maji yapitayo kila sekunde. La tatu ni bomba lenyewe: likiwa jembamba au refu, au limejaa kutu, huyapinga maji yasipite.

Katika umeme, kilicho mfano wa kimo ni volti. Kilicho mfano wa maji yapitayo ni mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Na kilicho mfano wa upinzani wa bomba ni ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Neno mkondo ni neno la kale la maji ya mto na ya bahari, nalo lilifaa mno kuazimwa. Neno ukinzani limetoka katika kitenzi kukinza, yaani kupinga na kuzuia, na mtu akilisikia mara ya kwanza anaweza kuikisia maana yake kabla ya kufundishwa. Hiyo ndiyo faida ya istilahi iliyotoka ndani ya lugha.

Lakini mfano wa maji una mpaka wake. Bomba likikatwa, maji humwagika. Waya ukikatwa, umeme haumwagiki, bali husimama. Mkondo wa umeme hauendi ila njia iwe mzunguko kamili, kutoka kwenye chanzo, kupita katika chombo, na kurudi kwenye chanzo. Basi msomaji autumie mfano wa maji kama ngazi: akiisha kupanda, aiache.

Sasa tuvifafanue vipimo. Kipitacho katika waya ni chaji, ambayo huchukuliwa na elektroni. Ampea moja ni elektroni zipatazo milioni milioni milioni 6.24 zikipita mahali pamoja katika sekunde moja, na tangu mwaka 2019 kipimo hiki hufafanuliwa kwa kuikaza hesabu ya chaji ya elektroni moja. Fungu la chaji lipitalo katika sekunde moja mkondo ukiwa ampea 1 huitwa kulombi. Volti moja ni pale ambapo kila kulombi ipitayo baina ya ncha mbili hufanya kazi ya juli 1. Wati moja ni kazi ya juli 1 katika kila sekunde.

Maneno haya yakishikwa vema, kanuni ya nguvu hujitokeza yenyewe, bila kukaririwa. Volti hutuambia ni juli ngapi kwa kila kulombi. Ampea hutuambia ni kulombi ngapi kwa kila sekunde. Tukizidisha moja kwa nyingine, kulombi hufutika, na kibakicho ni juli kwa kila sekunde, yaani wati. Kwa herufi zitumikazo duniani kote, P ikiwa nguvu, V ikiwa volti na I ikiwa mkondo:

P = V × I

Huenda msomaji akashangaa kwa nini mkondo umepewa herufi I. Imetoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya ukali, kwa kuwa Ampère na wenzake walisema ukali wa mkondo.

KANUNI YA OHM

Kanuni ya pili haijitokezi katika ufafanuzi, bali ilitafutwa kwa majaribio. Aliyeitafuta ni Georg Simon Ohm, mzaliwa wa Erlangen huko Ujerumani mwaka 1789, aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Köln. Betri za siku zile hazikutulia. Volti zake zilipanda na kushuka, na vipimo vyake havikuaminika. Kwa shauri la Poggendorff, Ohm aliziacha, akatumia madini mawili yaliyounganishwa, shaba na bismuthi, kiungo kimoja kikiwa katika maji yachemkayo na kingine katika barafu. Kwa kuwa tofauti ya joto haikubadilika, msukumo wa umeme nao haukubadilika. Kisha akaweka nyaya za shaba za urefu mbalimbali, moja baada ya nyingine, na kutazama jinsi sindano ya sumaku ilivyogeuka. Aliona kwamba mkondo hupungua kwa utaratibu maalumu kadiri waya unavyozidi kuwa mrefu.

Mwaka 1827 alitoa kitabu chake mjini Berlin. Wakuu wa elimu hawakukipokea kwa heshima, naye akauacha ualimu wake wa Köln. Haki yake ilikuja polepole: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunukia nishani ya Copley, na miaka miwili kabla ya kufa kwake mwaka 1854 alipewa uprofesa wa fizikia mjini München. Mwaka 1881, katika mkutano wa umeme uliofanyika Paris, jina lake lilifanywa kipimo, pamoja na majina ya Volta na Ampère. Jina la Watt lilikubaliwa katika mkutano mwingine wa Paris mwaka 1889.

Kanuni yenyewe husema hivi: kwa waya wa madini ambao joto lake halibadiliki, volti zikigawanywa kwa ampea hutoa hesabu ileile sikuzote. Hesabu hiyo ndiyo ukinzani:

R = V ÷ I

Basi omu moja ni ukinzani wa kitu ambacho volti 1 hupitisha ndani yake ampea 1. Tukizichanganya kanuni hizi mbili twapata nyingine mbili. Kwa kuwa V ni sawa na I × R, nguvu ni I × I × R. Na kwa kuwa I ni sawa na V ÷ R, nguvu ni V × V ÷ R. Ile ya kwanza ndiyo aliyoitangaza James Prescott Joule mwaka 1841 kuhusu joto la nyaya: kwamba mkondo ukiongezwa mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Kabla ya kufanya hesabu, natoa angalizo moja la sarufi, kwa kuwa naliona kuwa ufunguo. Volti husemwa "baina ya" ncha mbili; haiwi katika mahali pamoja, kama vile kimo kisivyokuwa na maana bila ya kusema kimo toka wapi. Ampea husemwa "kupita katika" waya. Omu ni "za" kitu chenyewe, kama uzito wake. Wati ni za kitu kikiwa kazini. Ndiyo sababu mita ya volti huwekwa kando, ncha zake zikigusa pande mbili za chombo, ilhali mita ya ampea huwekwa njiani, mkondo wote upite ndani yake. Mtu asemaye "volti zinapita katika waya" amekwisha kukosa, na yamkini ataiweka mita yake mahali pasipo pake.

HESABU YA BIRIKA

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230, na wa Kenya ni wa volti 240. Tuchukue birika la umeme lililounganishwa na volti 230, na mita yatuonyesha kwamba mkondo wake ni ampea 8.

Ukinzani wake ni 230 ÷ 8, yaani omu 28.75.

Nguvu yake ni 230 × 8, yaani wati 1,840.

Tuhakikishe kwa njia ya Joule: 8 × 8 × 28.75 ni 1,840. Hesabu zimekubaliana.

Sasa tutie birikani lita moja ya maji yenye joto la digrii 25. Kilo moja ya maji huhitaji juli 4,186 hivi ili joto lake lipande digrii moja. Kwa hiyo kuyafikisha kwenye digrii 100 kwahitaji 4,186 × 75, yaani juli 313,950. Birika hutoa juli 1,840 kila sekunde. Tukigawanya twapata sekunde 171, yaani chini kidogo ya dakika tatu, tukiacha kuhesabu joto lipoteleao hewani.

Basi tuuchukue ule usemi wa "leo umeme hauna nguvu." Tuseme volti zimeshuka kutoka 230 hata 180. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa volti zimepungua kwa sehemu moja katika tano na kidogo, kazi nayo imepungua kwa kadiri hiyo hiyo. Sivyo. Ukinzani wa birika ni uleule, omu 28.75. Mkondo sasa ni 180 ÷ 28.75, yaani ampea 6.26. Nguvu ni 180 × 6.26, yaani wati 1,127 kwa kukadiria. Volti zimebaki asilimia 78, lakini nguvu imebaki asilimia 61 tu, kwa sababu volti ziliposhuka ziliushusha na mkondo pamoja nazo. Lita ile ya maji sasa itachukua sekunde 279, yaani dakika nne na sekunde 39. Msomaji aone: umeme "usio na nguvu" kwa maana ya volti umezaa "nguvu" ndogo kwa maana ya wati, wala viwango vyake viwili havikuwa sawa. Asiye na maneno mawili hawezi kuiona tofauti hii.

FUMBO LA UKINZANI NA JOTO

Hapa pana fumbo liwatatizalo wanafunzi wengi. Kanuni moja yasema nguvu ni I × I × R. Basi ukinzani ukizidi, joto huzidi. Kanuni ya pili yasema nguvu ni V × V ÷ R; basi ukinzani ukizidi, joto hupungua. Je, ipi ni kweli?

Zote mbili ni kweli, lakini kila moja ina sharti lake lisilotajwa. Ya kwanza husema: maadamu mkondo ni uleule. Ya pili husema: maadamu volti ni zilezile. Katika nyumba, vyombo vyote vimeungwa ubavu kwa ubavu, na kila kimoja kimepewa volti 230. Kwa hiyo kanuni ya pili ndiyo itawalayo. Taa ya zamani ya wati 60 ina ukinzani wa omu 882 inapowaka, na ya wati 100 ina omu 529. Yenye ukinzani mdogo ndiyo iwakayo zaidi.

Lakini tukizifunga taa hizo mbili katika mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, mkondo upitao katika zote mbili ni mmoja, na mambo hugeuka. Tukikadiria kwamba ukinzani haubadiliki, mkondo ni 230 ÷ 1,411, yaani ampea 0.163. Taa ya wati 60 yapata wati 23, na ya wati 100 yapata wati 14. Ile iliyokuwa ndogo sasa ndiyo kubwa. Sentensi "ukinzani mkubwa hutoa joto kubwa" haina ukweli wala uongo mpaka imaliziwe kwa maadamu.

Fumbo hili si mchezo wa darasani. Tuseme mtu amevuta waya kutoka nyumba ya jirani iliyo mita 50 kutoka kwake, na waya wake ni mwembamba, eneo la mkato wake likiwa milimita 0.75 za mraba. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa shaba ni mita 100, na ukinzani wake ni kama omu 2.29. Akiunganisha lile birika letu, ukinzani wote ni omu 31.04, na mkondo ni ampea 7.41. Waya na birika viko katika mstari mmoja. Basi tutumie kanuni ya kwanza. Joto la waya ni 7.41 × 7.41 × 2.29, yaani wati 126 hivi. Volti 17 zimepotea njiani, na birika limepata 213 tu. Waya ukiwa umenyooshwa, joto hilo hutawanyika. Ukiwa umezungushwa mafungu na kufunikwa na zulia, hukusanyika. Kama angetumia waya wa milimita 2.5 za mraba, ukinzani ungekuwa omu 0.69 na joto wati 42 tu.

Kosa lililo baya zaidi ni la kujaza vyombo katika soketi moja. Pasi ya wati 1,000, jiko la koili la wati 2,000, na birika la wati 1,840 jumla yake ni wati 4,840. Tukigawanya kwa 230 twapata ampea 21. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, nayo itakatika. Huo si ubovu wake, ndiyo kazi yake. Lakini mwenye nyumba asemaye "fyuzi hii haina nguvu" huitoa, akaweka kipande cha waya mahali pake. Sasa waya wa plagi unapitisha ampea 21 badala ya 13, na kwa kuwa joto huenda kwa mkondo uliojizidisha, limepanda zaidi ya mara mbili na nusu. Neno nguvu limemdanganya: alidhani fyuzi ni chombo kitoacho kitu, kumbe ni mlinzi akataaye.

MIPAKA YA HESABU

Kanuni ya Ohm ina sharti, nalo ni kwamba joto la kitu lisibadilike. Ile taa ya wati 60, ikipimwa kwa mita ikiwa imezimwa na imepoa, itaonyesha ukinzani ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya zile omu 882, kwa kuwa tungsteni ikipata moto hukinza zaidi. Mita haikukosea, imepima taa nyingine, yaani taa baridi. Taa za LED za siku hizi hazifuati kanuni hii hata kidogo, ila P = V × I kwa umeme usiogeuka hubaki kweli kwa chombo chochote.

Mpaka wa pili ni wa vyombo vyenye mota, kama feni na pampu. Umeme wa majumbani hugeuka mwelekeo, nao hukamilisha duru 50 kila sekunde. Zile volti 230 si kilele chake, bali ni kadiri ifanyayo kazi sawa na volti 230 zisizogeuka. Katika mota, mkondo huchelewa nyuma ya volti, na sehemu yake huenda na kurudi bila kufanya kazi. Feni yenye ampea 0.5 kwa volti 230 ina volti-ampea 115. Ikiwa kigezo chake cha nguvu ni 0.8, wati zake ni 92 tu.

Mpaka wa tatu ni mwili wa mwanadamu. Watu hushindana: kiuacho ni volti au ni ampea? Hesabu yetu yaweza kuwapatanisha. Kidhurucho moyo ni mkondo, na vikata-umeme vya kulinda watu hutegwa vikate mkondo uvujao ukifika ampea 0.03. Lakini mkondo haujileti. Huletwa na volti, na huzuiwa na ukinzani. Ngozi kavu yaweza kukinza kwa maelfu ya omu. Ngozi iliyolowa yaweza kushuka hata omu 1,000 hivi. Volti 230 ÷ 1,000 ni ampea 0.23, yaani zaidi ya mara saba ya kile kipimo. Waya ni uleule, na volti ni zilezile. Kilichobadilika ni maji yaliyo mkononi. Basi aambiwaye "usiguse swichi kwa mkono wenye maji" amepewa amri. Afundishwaye ukinzani amepewa sababu.

KILOWATI-SAA

Sina budi kutaja kosa moja zaidi, ambalo nalo ni la lugha tupu. Mita hupima nishati, si nguvu. Nishati ni nguvu ikizidishwa kwa muda. Kilowati 1 ikifanya kazi kwa saa 1 ni juli 3,600,000, na hicho ndicho watu wakiitacho uniti wanaponunua umeme wa LUKU au tokeni. Birika letu la wati 1,840, likifanya kazi kwa jumla ya nusu saa kwa siku, litatumia 1.84 × 0.5, yaani uniti 0.92, kwa siku 30, uniti 27.6.

Aghalabu kipimo hicho huandikwa "kilowati kwa saa." Sasa, katika Kiswahili "kwa saa" humaanisha kugawanya: gari liendalo kilomita 60 kwa saa ni kilomita zilizogawanywa kwa saa. Kilowati "kwa saa" ingekuwa nguvu iongezekayo au ipunguayo kila saa, jambo ambalo hakuna mita ya nyumbani ilipimayo. Hapa twazidisha, hatugawanyi. Kwa hiyo nadhani afadhali kuandika kilowati-saa, kama vile tusemavyo siku-mtu katika kuhesabu kazi ya vibarua. Neno uniti, lililozaliwa mitaani, halina kosa hilo, na kwa upande huo limewashinda waandishi.

Haya ndiyo niliyokusudia kueleza. Tunapoipima istilahi mpya, desturi yetu ni kutazama mzizi wake, ngeli yake, na kama yapendeza masikioni. Napendekeza tuongeze jaribio moja: iingizwe katika hesabu, ifuatwe mstari kwa mstari, itazamwe kama inatoka na maana ileile iliyoingia nayo. Mkondo, ukinzani, nishati na wati zimepita katika jaribio hilo mbele ya macho ya msomaji. Nguvu imepita kwa kufungwa kamba. "Kilowati kwa saa" haikupita.